"Slim" halikuanzia kiunoni

Nafundisha Kiingereza hapa Dodoma, na kwenye insha za wanafunzi hakuna neno linalonimalizia wino mwekundu kama "slim". Mmoja kaandika kuhusu mnada wa Msalato wakati wa kiangazi, akasema ng'ombe walikuwa "slim". Ng'ombe ambaye mbavu zinahesabika, nyonga zimechomoza, mnunuzi anampapasa mgongo kisha anapita kwa mwingine? Huyo ni "thin", na akizidi hapo ni "emaciated", neno lililotokana na la Kilatini lenye maana ya kukonda. "Slim" ni wembamba wa kusifiwa, wa mtu mwenye afya yake, yule ambaye vijana wa mjini wanamwita modo. Mwambie Mwingereza kwamba mgonjwa wako amekuwa "slim", atakupa hongera.

Kinachonifurahisha ni kwamba neno lenyewe lilizaliwa bila sifa yoyote. Waingereza walilichukua kwa Waholanzi katika miaka ya 1600. Zamani huko lilimaanisha kilichopinda, kilichokaa upande. Kutoka hapo likawa la ubaya na hila. Ndugu yake wa Kijerumani, "schlimm", mpaka leo maana yake ni "baya". Kwa Kiholanzi cha sasa na Kiafrikana, mtu "slim" ni mwerevu, hata awe na kitambi. Waingereza wakalipeleka kwenye wembamba, na si wa kupendeza tu: "slim chance" ni nafasi finyu, hapo hakuna wa kupongezwa.

Maana ile ya ujanja ilipita hapa kwetu. Jan Smuts, jenerali aliyeongoza majeshi ya Uingereza dhidi ya Wajerumani katika Afrika Mashariki mwaka 1916, kwao Afrika Kusini walimpachika jina la "Slim Jannie". Usidhani ni kwa umbo. Walimaanisha Jannie mjanja, na si kila aliyelitamka alikuwa akimsifu. Askari wake, chini ya van Deventer, waliingia Kondoa mwezi Aprili, na mwishoni mwa Julai wakaitwaa Dodoma. Pande zote mbili za vita zilichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi wa Ugogo. Mvua nazo zikakosekana, ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, ya 1917 hadi 1920. Anayeandika habari za Mtunya kwa Kiingereza, "slim" asiliguse kabisa.

Halafu kuna Uganda ya miaka ya 1980. UKIMWI ulipoanza kudhoofisha watu, wenyewe waliuita "slim", na mwaka 1985 madaktari waliandika kuuhusu kwenye jarida la Lancet kwa jina hilohilo. Upande wetu wa Kagera ulijulikana kama Juliana. Kwa hiyo ukimwambia mtu mzima wa kanda ile "umekuwa slim siku hizi", angalia kwanza uso wake kabla ya kuendelea.