Osteoporosisi "kali" si ile inayouma sana

Wiki hii nimesikia tena, mtu anasema bibi yake ana osteoporosisi kali kwa sababu magoti yanamuuma usiku kucha halali. Nilinyamaza siku ile lakini imenikaa kooni.

Osteoporosisi ni mfupa kupungua ujazo na kuwa dhaifu mpaka unavunjika kwa jambo dogo. Basi, ndo hivyo tu.

Jina lenyewe linasema kila kitu. Ni la Kigiriki, osteon ni mfupa na poros ni upenyo, yaani mfupa wenye vitundu vitundu, sehemu yoyote ya jina hilo haijataja maumivu wala kiungo. Magoti ya bibi yana jina lao, osteoathritisi, hapo kuna arthron, kiungo, yaani gegedu imelika pale mifupa inapokutana. Majina yanafanana mwanzo tu. Mtu anaweza kuwa nayo yote mawili, sawa, ila dawa ya moja haitibu lingine.

Sasa hilo neno "kali" ndo linaniumiza zaidi. Shirika la Afya Duniani mwaka 1994 lilieleza hivi: kipimo cha uzito wa mfupa kikitoa alama T (inayolinganisha mfupa wako na wa kijana mwenye afya) ya hasi 2.5 au chini zaidi, hiyo ni osteoporosisi, na kama pamoja na alama hiyo mtu ameshavunjika mfupa kwa sababu ya udhaifu huo, ndo inaitwa kali. Maumivu hayahesabiwi. Mfupa ukiwa unapungua hauumi kabisa, na pingili za mgongo zinaweza kubonyea bila mtu kujua, kimo kinapungua, mgongo unapinda, nyumbani wanasema ni uzee tu. Kwa hiyo bibi aliyeteleza akiwa amesimama tu akavunjika mkono, akafungwa plasta, akapona, leo halalamiki chochote, huyo ndiye anaweza kuwa na ile kali, na mara nyingi hakuna aliyempeleka kupima!

Na kwake kalsiamu na vitamini D peke yake hazitoshi. Kuna vidonge vya alendroneti mara moja kwa wiki, kuna dripu ya asidi ya zoledroniki mara moja kwa mwaka, kuna sindano ya denosumabu kila miezi 6 (hii usiiache ghafla bila daktari kukupa nyingine, pingili zinaweza kuvunjika kadhaa kwa mpigo), na kwa walioshavunjika kuna zinazojenga mfupa kama teriparataidi, hizo ziulizieni mapema kwa sababu zinafaa zaidi zikitangulia hizo nyingine.

Kwa hiyo ndugu yangu, magoti ya bibi yatibiwe, yanamtesa kweli. Ila muulize pia kama alishawahi kuanguka akavunjika, na kama gauni lake la zamani siku hizi linaburuza chini.