Je, wajua kwa nini pazia likipepea linakupatia pointi kwenye mchezo wa kamera?

Umesimama mbele ya runinga, kamera imekukodolea, na mapovu yanashuka kwenye skrini ukiyapasua kwa mkono. Ghafla pazia lililo nyuma yako linapepea, na mapovu matatu yanapasuka upande ambao hata hujaugusa. Wengi hapo hudhani kamera ni mbovu. Kumbe inafanya kazi yake barabara, ila kazi yenyewe siyo ile wanayoifikiria. Michezo mingi ya aina hii haijui mkono ni kitu gani. Inachojua ni kwamba sehemu fulani ya picha imebadilika.

Kamera hupiga picha mfululizo, kwa kawaida 30 kwa sekunde, na kila picha huitwa fremu. Chukua fremu ndogo yenye pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, 320 kwa 240. Hizo ni pikseli 76,800, na kila moja ina namba ya mwangaza, kuanzia 0 ambayo ni giza totoro hadi 255 ambayo ni weupe mtupu. Programu hulinganisha fremu hii na iliyotangulia, pikseli kwa pikseli. Ukuta ukiwa na 180 na mkono wako 110, mkono unapopita mbele ya ukuta tofauti inakuwa 70. Mchezo umeshajiwekea kizingiti, tuseme 25: tofauti iliyo chini yake hupuuzwa, iliyo juu yake huhesabiwa kuwa mwendo.

Kila povu nalo lina kisanduku chake kisichoonekana. Kikiwa na pikseli 40 kwa 40, jumla yake ni 1,600. Mchezo ukidai asilimia 10, basi zikibadilika pikseli 160 povu limekwisha. Iwe ni kiganja, kichwa, paka au pazia, hesabu ni ileile. Hesabu hii ni nyepesi mno, ndiyo maana hata mashine za miaka mingi iliyopita ziliimudu: EyeToy, kamera ya Sony ya PlayStation 2 iliyotoka mwaka 2003, ilikuja na michezo midogo 12, mmoja wao wa kupangusa madirisha machafu.

Mkono uliotulia hauonekani

Hapa ndipo wanaoanza hukwama. Unataka kuchagua kitufe cha "Anza", unanyoosha mkono, unauweka juu yake, unasubiri. Hakuna kitu. Unaushikilia vizuri zaidi, usitikisike hata kidogo, na mambo yanazidi kuharibika. Sababu ni kwamba fremu hii na iliyopita sasa zinafanana: palipokuwa na mkono bado pana mkono, tofauti ni sifuri, na kwa hesabu ya mchezo mkono umetoweka. Unatakiwa kupunga juu ya kitufe, kwa mizunguko midogo ya haraka, mpaka kijae. Watoto hugundua hili upesi kuliko watu wazima, kwa sababu wao hawatulii.

Kwa mantiki hiyohiyo, kinachokupa pointi ni utofauti wa rangi kati yako na kilicho nyuma yako. Shati jeupe la mikono mirefu mbele ya ukuta mweupe ni hasara tupu, kwani mkono una 185 na ukuta 180. Kunja mikono ya shati au badilisha nguo. Ukuta wenye rangi moja, usio na picha za kung'aa wala kioo, ni bora kuliko kabati lililojaa vitu. Zima feni inayoonekana kwenye picha, funga dirisha lenye pazia, na ukikosa jinsi, sogeza kamera pembeni kidogo mpaka pazia litoke nje ya fremu. Hiyo ya mwisho huchukua sekunde 5 na mara nyingi inatosha.

Mwanga, mwanga, mwanga

Mtu akilalamika kwamba mchezo "unachelewa" au "unajichezea wenyewe", swali la kwanza la kumuuliza ni taa iko wapi. Chumba kikiwa na giza, kamera hufanya mambo mawili, na yote mawili yanakuumiza.

La kwanza, huacha kila fremu ipokee mwanga kwa muda mrefu zaidi. Tuseme muda huo umefika sehemu 1 ya 30 ya sekunde. Mkono unaokwenda mita 3 kwa sekunde utakuwa umesafiri sentimita 10 ndani ya fremu moja, kwa hiyo unaonekana kama ukungu uliotandazwa, na tofauti yake na ukuta inafifia. Ukiongeza taa na muda ukashuka hadi sehemu 1 ya 125, ukungu huo unabaki kama sentimita 2 na nusu. Baadhi ya kamera hupunguza hata idadi ya fremu, kutoka 30 hadi 15, na hapo mchezo unakuwa mzito kweli.

La pili, kamera hukuza ishara dhaifu ya mwanga, na chenga hukuzwa pamoja nayo. Tazama picha ya chumba chenye giza kwa makini: ukuta unachemka kwa vitone vinavyorukaruka. Pikseli iliyokuwa 40 inakuwa 68, halafu 35, ilhali hakuna kilichosogea. Vitone hivyo vikivuka kizingiti, mapovu yanapasuka yenyewe. EyeToy ilikuwa na taa ndogo nyekundu iliyowaka na kuzimika pale mwanga ulipopungua, jambo la busara ambalo kamera nyingi za leo hazina.

Kuna kituko kingine cha chumba chenye giza: runinga yenyewe inakuwa taa. Mlipuko mweupe ukitokea kwenye skrini, uso na kifua chako vinang'aa, kamera inaona mabadiliko, na mchezo unajipiga wenyewe.

Taa iwe upande wa kamera, ikikuangaza kwa mbele, juu kidogo ya kichwa. Taa mbili za pembeni ni bora kuliko moja kali, kwa sababu moja hutupa kivuli ukutani na kivuli nacho ni mabadiliko kama mabadiliko mengine. Usisimame na dirisha mgongoni mchana, maana kamera itapima mwanga wa nje na wewe utabaki kivuli cheusi.

Taa pia hupepesa bila jicho kugundua. Kwenye umeme wa hezi 50, taa za mirija na baadhi ya LED hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Kamera inayopiga fremu 30 haigawi 100 sawasawa, hivyo fremu moja hutoka angavu na inayofuata hafifu, na michirizi ya kulala hutembea kwenye picha. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, tafuta sehemu ya kuzuia mpepeso, chagua 50 au 60 kulingana na umeme wa mahali ulipo. Ukiweza, zima pia urekebishaji otomatiki wa mwangaza baada ya picha kukaa sawa. La sivyo, ukisogea karibu ukiwa na nguo nyeusi kamera huangaza picha nzima ghafla, na kila kisanduku kinahesabu kimeguswa.

Usimame wapi? Kamera yenye pembe ya digrii 60 kwa upana huona upana wa mita 1.7 ukiwa mita 1.5 kutoka kwake, na mita 2.3 ukiwa mita 2. Mikono iliyonyooshwa hukaribia urefu wa mtu, kwa hiyo mtu wa mita 1.7 akisimama kwenye mita 1.5 vidole vinagusa kingo za picha. Mita 2 zinatosha kwa michezo ya mikono. Michezo ya miguu inahitaji kama mita 2 na nusu, kwa sababu picha ni fupi kuliko ilivyo pana. Meza ya kioo itoke kabla ya kuanza.

Pale hesabu inapogeuka

Kuna kundi la pili la michezo, linalojua kweli mkono uko wapi. Kinect, kamera ya michezo ya Microsoft ya mwaka 2010, ilimwaga chumbani vidoa vya miale ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, na kupima umbali wa kila kitu kutokana na jinsi vidoa hivyo vilivyohama. Hiyo hucheza vizuri gizani, ila jua likiingia dirishani huvifunika vidoa, kwa kuwa jua lina infraredi tele. Nafasi iliyopendekezwa ilikuwa takriban mita 1.8 kwa mtu mmoja na 2.4 kwa wawili.

Michezo mipya ya simu na kompyuta hutumia kamera ya kawaida pamoja na programu iliyofunzwa kwa picha nyingi za watu. Hiyo hukisia viungo vya mwili, 17 kwenye baadhi ya programu na 33 kwenye nyingine, kuanzia pua hadi vifundo vya miguu. Pazia haliisumbui. Inayoisumbua ni nguo pana inayoficha magoti, mikono iliyokunjwa kifuani, na watu wawili wanaopishana, ambapo mkono wa mmoja huweza kuhesabiwa wa mwenzake.

Kujua mchezo wako ni wa kundi gani, fanya hivi: weka mkono juu ya kitufe, utulize kabisa, hesabu hadi 3. Kitufe kikiendelea kujaa, mchezo unafuata viungo, na kupunga kutakuharibia. Kikisimama, unafuata mabadiliko, kwa hiyo punga.

Ikiwa mwanga uko sawa na bado picha inabaki nyuma ya mkono, chunguza runinga. Runinga nyingi hupamba picha kabla ya kuionyesha, na upambaji huo hula muda, juu ya milisekunde 33 ambazo kila fremu ya kamera huchukua. Washa hali ya michezo kwenye mipangilio ya picha. Na kama kamera haiwaki kabisa, funga programu ya simu za video iliyosahaulika wazi, kwani mara nyingi ndiyo iliyoishika.