Kwenda Amaan kwa miguu, kupitia Ng'ambo

Wageni wengi wanaokuja kutazama mpira Amaan, uwanja mkubwa wa Unguja, hupanda teksi Forodhani katika Mji Mkongwe, hushushwa getini, na kipenga cha mwisho kikilia hurudi walikotoka. Uwanja wameuona, Ng'ambo, yaani mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, hawakuiona. Kwangu mimi, Amaan ni mtoto wa Ng'ambo, na anayetaka kuujua aufikie kwa miguu. Kutoka Darajani ni kama kilomita 3, dakika 45 kwa mwendo wa pole.

Kabla ya kutoka, hakikisha mechi iko Amaan kweli. Mechi nyingine za ligi huchezwa uwanja wa Mao Tse Tung, Kikwajuni. Fainali ya Kombe la Mapinduzi, inayochezwa tarehe 13 Januari, mwaka 2025 ilikuwa Gombani kule Pemba, Zanzibar Heroes, timu ya taifa ya Zanzibar, walipoifunga Burkina Faso 2-1. Na ukiuliza njia, taja "Amaan" usiseme "uwanjani" tu. Daladala za 505 zinakwenda Uwanja wa Ndege, na mgeni aliyesikia neno "uwanja" hupanda hizo akapotea.

Michuano ya Mapinduzi kwa kawaida huwa na mechi ya saa 10:15 jioni na ya saa 2:15 usiku. Mimi nashauri ya usiku. Januari ni kaskazi, jua la mchana ni kali, na safari hii ya miguu haina kivuli cha kutosha.

Basi, saa 10 jioni uwe Darajani. Jina lenyewe linakwambia palikuwa na daraja: barabara pana unayoivuka mbele ya Marikiti, soko lililojengwa 1904, ilikuwa mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na upande wa pili, yaani ng'ambo. Maji yalifukiwa, jina likabaki. Soko lenyewe ni la asubuhi, wakati samaki wananadiwa. Jioni pita tu.

Ukivuka, dakika 15 hivi zinakufikisha Michenzani. Hapa simama. Mpango wa majumba haya ya ghorofa uliandaliwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki enzi za Mzee Abeid Amani Karume. Kaa kwenye mzunguko wa barabara, karibu na mnara wa kumbukumbu ya miaka 50 ya Mapinduzi, uangalie njia nne: majumba yamepangwa msalaba, kila moja refu kiasi kwamba ukisimama mwanzo wake mlango wa mwisho unauona kama tundu. Nguo zimeanikwa barazani, chini kuna maduka, watoto wanapiga mpira pembeni. Amaan ilifunguliwa 1970, katika kipindi hichohicho, kwa msaada wa China. Ukiangalia majumba haya kwanza, utaelewa kwa nini uwanja haukujengwa kando ya Mji Mkongwe.

Kula kabla ya kuingia, kwa sababu foleni za ndani wakati wa mapumziko hula dakika zako zote 15. Agiza urojo. Uji wake wa manjano uwe mwepesi na uchachu wa embe mbichi au ukwaju usikike mwanzo. Ndani kuna viazi, bajia, kachori na mishikaki, juu chipsi za muhogo. Chipsi zitiwe mwisho na uzile kwanza, maana zikilowa zimeharibika. Pilipili omba ije pembeni. Ramadhani mambo haya yote husubiri futari.

Kutoka Michenzani shika upande wa mashariki. Uwe getini saa 1:15 usiku, saa nzima kabla. Tangazo la mechi hutaja bei ya kila jukwaa. Soma jina la jukwaa kwenye tiketi kabla ya kupanga foleni, kwani geti la jukwaa liitwalo Urusi halikuingizi VIP, na kuzunguka uwanja mzima katikati ya umati ni kazi. Tangu ulipokarabatiwa na kufunguliwa upya Desemba 2023 unachukua watu kama 15,000, kwa hiyo mechi ya Simba au Yanga hujaa mapema.

Kurudi ndiko kunakowatesa watu. Mechi ya usiku huisha baada ya saa 4, daladala zimepungua, na bodaboda walioko getini hupandisha bei. Tembea mita 300 mbali na geti, patana nauli kabla ya kupanda, na umwambie akushushe Darajani.