Mtaro kwenye ramani huria: pima, chora, unganisha

Wengi wanaojitolea kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, huanza na nyumba, maana paa huonekana vizuri kwenye picha ya setilaiti. Kwa Dar es Salaam, mimi huomba mtu aanze na mitaro. Mradi wa Ramani Huria wa kuchora ramani ya jiji hilo, ulioanza 2015, uliipa mitaro uzito mkubwa, na ulikuwa sahihi: bila kujua mtaro unaanzia wapi, una upana gani na unamwaga wapi, huwezi kukadiria maji yatafurikia wapi Tandale au bonde la Msimbazi.

Mtaro haupatikani kwa kukaa mezani. Mwingine umefichwa na mabati, mwingine umefunikwa kwa zege. Nendeni wawili, mmoja na futi kamba, mwenzake na simu. Pitieni kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa mjitambulishe, kwa sababu mgeni anayepima nyuma ya nyumba ya watu hudhaniwa ametumwa kuweka alama ya X ya bomoabomoa.

Upana upimwe juu, ukingo hadi ukingo. Kina ndicho kinachowaponza wengi: wanapima hadi juu ya mchanga na takataka. Shindilia kipande cha nondo mpaka kigonge zege, ndipo upime. Mtaro wenye kina cha sentimita 80 uliojaa mchanga wa sentimita 30 bado ni wa 80. Mchanga uandike kwenye maelezo pamoja na tarehe, kwani wiki ijayo unaweza kuzolewa. Mtaro ukibadilika umbo, pimeni upya.

GPS ya simu ikibanwa kati ya nyumba hukosea mita kadhaa, maana mawimbi yanagonga kuta na mabati. Tumia kona ya nyumba inayoonekana kwenye picha, uandike mtaro uko mita ngapi kutoka hapo.

Wakati wa kuchora, mstari ufuate maji yanakoelekea. Kisha upe mstari lebo inayosema ni kitu gani: wa zege ni waterway=drain, wa kuchimbwa kwenye udongo ni waterway=ditch. Vipimo huandikwa kwa mita, na desimali kwa nukta, si mkato: 0.8. Ukiandika 80, umechora mtaro wa mita themanini.

Kwenye kalvati, yaani pale mtaro unapopita chini ya barabara, kuwa makini sana. Kata mstari pande zote mbili za barabara, kipande cha katikati kipe lebo tunnel=culvert na layer=-1 (kiko chini ya barabara), na kisishiriki na barabara nukta yoyote ya mstari; kikishiriki, ramani inasema maji yanapita juu ya lami. Mitaro miwili inayokutana, kinyume chake, lazima ishiriki nukta. Pengo la nusu mita halionekani kwa macho, lakini programu ya kukokotoa mafuriko huliona kuwa ndio mwisho wa mtaro. Ukitumia JOSM, programu ya kompyuta ya kuhariri ramani hii, endesha kikaguzi chake kabla ya kupakia, usome kila onyo. Na usinakili chochote kutoka Google Maps, leseni hairuhusu.

Mtaro ukiingia chini ya ukuta na hujaona unakotokea, usibuni. Ukatishe hapo, uweke fixme, lebo ya kusema hapa bado pana la kurekebisha, kisha zunguka upande wa pili ubishe hodi. Muulize mwenyeji: mvua kubwa ikinyesha, maji huchomozea wapi?