Kabla hujabonyeza reseti tena, fungua konsoli

"Kaka, nimeirestati mara nne na bado haipandi." Nimeyasikia tena wiki hii, safari hii kwa dada mwenye duka la vipuri Kariakoo, ambaye seva yake ya kukodi iko Ujerumani. Mara nne ndani ya dakika kumi! Seva haikuwa imekufa. Ilikuwa inanyimwa nafasi ya kuamka.

Wateja wengi wanaamini kwamba kuzima ni kuzima, kitufe chochote cha kwenye paneli ni kilekile. Si kweli. Ukirestati kutoka ndani ya mfumo, au ukituma ishara ya ACPI (ombi la kuzima kwa utaratibu), seva inafunga programu, inaandika diskini kilichobaki kwenye RAM, ndipo inazima. Reseti na kukata umeme havisubiri chochote: ambacho hakijafika diskini kimepotea. Kwenye hifadhidata ya MySQL, jedwali za aina ya InnoDB zitajirejesha zenyewe kwa kupitia logi yake, lakini zinahitaji muda. Za aina ya MyISAM hazina kinga hiyo kabisa. Tena seva yenye RAM ya GB 256 inaweza kukaa dakika kadhaa ikikagua vifaa vyake kabla Linux haijaanza kupanda, na muda wote huo haijibu ping (ujumbe wa kuuliza kama iko hewani). Ukibonyeza tena, umeirudisha mwanzo.

Nilipofungua konsoli ya seva ya yule dada, yaani skrini yake, kupitia IPMI (njia ya kuiongoza seva kwa mbali hata mfumo ukiwa umekwama), fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mafaili, ilikuwa inakagua diski, imefika asilimia 61. Nikamwomba asiguse kitu. Tulisubiri dakika 23, huku mimi nikimsomea namba kwenye simu, mpaka login ikatokea. Angebonyeza mara ya tano fsck ikiwa katikati ya kurekebisha, huenda tungekuwa tunatafuta bakapu.

Ikiwa kweli kerneli (kiini cha Linux) imeganda, shikilia kwanza Alt na SysRq (kitufe cha Print Screen) kwenye konsoli hiyohiyo, kama zimeruhusiwa, kisha ubonyeze herufi hizi kwa zamu: S kuandika diskini, U kuzifanya diski ziwe za kusoma tu, B kuwasha upya.

Wengine hudhani seva iliyozimwa haiwaki mpaka fundi aende. iDRAC na iLO, vifaa vya kuiongoza seva kwa mbali vilivyo ndani ya seva za Dell na HP, vinaishi kwa umeme wa kusubiri hata seva ikiwa imezimwa. Mradi waya una umeme, unaiwasha ukiwa Sinza.

Kuizima kwa kukata soketi moja ya PDU (kigawa umeme cha seva)? Seva yenye pawasaplai mbili haitashtuka. Kata zote mbili, na uhakikishe BIOS (programu ya kuanzia ya seva) imepangwa iwake umeme ukirudi.

"IPMI ina nenosiri, iko salama." Hapana. IPMI 2.0 humpa anayeuliza heshi ya nenosiri (umbo lake lililofichwa, analoweza kulitumia kubashiri nenosiri lenyewe) kabla hajaingia. Iweke nyuma ya VPN (njia ya faragha ya mtandao), leo.

Na umeme ukikatika Tabata, seva ya Ujerumani haizimi. Kinachokatika ni ruta yako na SSH yako (muunganisho wako wa kuingia kwenye seva), pamoja na kazi uliyoiacha ikiendelea humo. Ianzishe ndani ya tmux, programu inayoiacha kazi iendelee kwenye seva hata ukikatika, utaikuta ilipofikia.