Mstari Mtupu Kwenye Oskiloskopu Haumaanishi Moduli Imekufa

Nimechoka kuambiwa "moduli imekufa". Mteja anakuja na NEO-6M, moduli ndogo ya GPS, kwenye kimfuko cha plastiki, anasema amepima pini ya PPS (inayotoa palsi ya wakati, moja kila sekunde), amebonyeza Autoset, kitufe cha oskiloskopu kinachojipangia mipangilio yenyewe, ametokewa na mstari mtupu, kwa hiyo anataka pesa yake. Naiunganisha, naweka antena dirishani, nasubiri ishike setilaiti, na palsi zinatoka moja kila sekunde, volti 3.3, safi. Moduli haina kosa lolote.

Imani inayowaponza ni kwamba kama palsi ipo, Autoset itaionyesha. Haitaionyesha. Autoset husikiliza ishara kwa sehemu ndogo ya sekunde, hutafuta kinachojirudia, kisha hukuchagulia volti na muda. Palsi ya wakati huja mara moja kwa sekunde. Autoset inapiga hodi mara moja na kuondoka kabla mwenyeji hajafika mlangoni, kisha inatangaza kwamba nyumba haina mtu. Ukisoma kitabu cha maelezo cha oskiloskopu yako, uwezekano mkubwa utakuta imeandikwa kwamba kitufe hicho kinahitaji ishara ya makumi ya hezi au zaidi. Hezi 1 haimo. Lakini nani anasoma kitabu cha maelezo?

Ukiachana na Autoset unakutana na ndugu yake, modi ya triga ya Auto (triga ndiyo inayoiambia oskiloskopu ianze kuchora lini), ambayo ndiyo unayoikuta imewashwa ukiwasha kifaa. Kazi yake ni kukuonyesha mstari hata pasipo na ishara. Isipopata triga kwa muda mfupi, ambao kwa kawaida ni mdogo mno kuliko sekunde moja, inajichorea yenyewe. Kwa hiyo kati ya palsi moja na inayofuata skrini inachorwa mstari mtupu mara nyingi, na hata palsi ikinaswa inafutwa kabla jicho halijatulia. Fundi anaona kitu kimemeta, anasema ni kelele za umeme, anaendelea na lawama zake.

Weka modi ya triga ya Normal. Hapo oskiloskopu haichori kitu mpaka ishara ivuke kiwango cha triga, na ikishachora, picha inabaki hadi palsi nyingine ije. Chagua chaneli yenye probu (waya wa kupimia), ukingo wa kupanda, na kiwango cha triga uzungushe kwa mkono hadi volti 1.5 hivi kwa palsi ya volti 3.3. Kile kitufe cha kuweka triga katikati kiache, maana nacho kinategemea kuiona ishara kwanza. Kisha angalia taa au maandishi ya triga: yakimeta kila sekunde, palsi ipo, hata kama bado hujaipata vizuri kwenye skrini. Mimi huangalia hapo kabla ya kuangalia kitu kingine chochote.

Normal nayo ina malalamiko yake. "Imeganda." Haijaganda, inasubiri, kwa sababu umeweka triga volti 4 kwenye ishara ya volti 3.3. Jambo la kuogopa zaidi ni kinyume chake: ukichomoa probu, palsi ya mwisho inabaki pale pale kwenye skrini, nzuri kabisa, na mtu anaapa kuwa saketi inafanya kazi ilhali umeme umekatika.

Sasa kuna wale ambao, wakisikia "kila sekunde", wanazungusha muda hadi milisekunde 100 kwa kila mraba wa skrini ili sekunde nzima iingie kwenye skrini. Kwa NEO-6M inakubali, kwa sababu palsi yake, usipoibadilisha, ina upana wa milisekunde 100, yaani mraba mzima. Ndiyo maana tabia hii mbaya haifi. Mletee huyo huyo Trimble Thunderbolt, saa ya GPS ambayo palsi yake ni mikrosekunde 10, uone. Oskiloskopu yenye kumbukumbu ya pointi 2,500, aina ambayo bado imejaa kwenye maabara za vyuo, ikigawanya sekunde moja kwa pointi hizo inapata sampuli moja kila mikrosekunde 400. Palsi ya mikrosekunde 10 inapita katikati ya sampuli mbili bila kuguswa, na nafasi ya kunaswa ni mara 1 katika 40. Mstari unaouona hapo unaonyesha tu kwamba hakuna sampuli iliyoangukia juu ya palsi. Modi ya Peak Detect, inayoshika vilele vilivyo kati ya sampuli, itakuonyesha kwamba kuna kitu, lakini umbo lake usiliamini. Tangu mwanzo weka muda unaolingana na upana wa palsi, kwa ya Thunderbolt mikrosekunde 2 au 5 kwa mraba, na mambo ya sekunde iachie triga.

Wenye oskiloskopu za zamani za analogi husema zao hazina matatizo haya. Zina lao. Kwa mikrosekunde 5 kwa mraba, miraba 10, mwale unapita kwa mikrosekunde 50 katika kila sekunde na kuzimwa muda wote uliobaki. Mchana, karibu na dirisha, huoni kitu. Ongeza mwangaza, kinga skrini kwa kivuli, na tafadhali upunguze mwangaza huo kabla ya kurudi kwenye Auto, la sivyo utaunguza fosforasi.

Dhana ya pili inanikera karibu sawa na ya kwanza: "Palsi imetulia tuli, kwa hiyo wakati ni sahihi." Umetriga kwa palsi hiyo hiyo! Oskiloskopu inaupanga ukingo wake mahali pale pale kila mara, hata kama palsi inakuja mapema au inachelewa. Huwezi kupima kitu kwa kukilinganisha na chenyewe. Weka marejeo mazuri, yaani palsi ya saa nyingine unayoiamini, kwenye chaneli ya 1, triga kwa hayo, kisha utazame palsi yako kwenye chaneli ya 2 ikicheza. Kwa NEO-6M, mtengenezaji anatoa usahihi wa nanosekunde 30 RMS (aina ya wastani wa kosa), hivyo kwa nanosekunde 50 kwa mraba utaiona ikitikisika huku na huko bila ubishi. Wala usijaribu kupima sekunde nzima kwa saa ya ndani ya oskiloskopu ya bei nafuu. Ikikosea sehemu 25 tu katika milioni, hiyo tayari ni mikrosekunde 25 kwa sekunde, wakati minara ya simu ya TDD, inayotuma na kupokea kwa zamu, inatakiwa kubaki ndani ya mikrosekunde 1.5.

"Moduli inatoa palsi mbili, moja inapanda na nyingine inashuka chini ya sifuri." Umeacha chaneli kwenye AC, mpangilio unaozuia volti isiyobadilika. Kichujio cha AC hukata kuanzia hezi 10 hivi kushuka, kwa hiyo palsi ya milisekunde 100 inaporomoka mapema na kukuachia miiba miwili, mmoja kwa kila ukingo. Weka DC, inayopitisha kila kitu.

"Multimita inasoma sifuri." Itasoma nini? Palsi ya volti 5 kwa mikrosekunde 10 kila sekunde ina wastani wa mikrovolti 50.

"Ukingo una ngazi, chipu mbovu." Kwenye Thunderbolt, ambayo tokeo lake limeundwa kwa omu 50, mara nyingi ni kebo iliyoachwa bila kifungio, yaani kizuizi cha omu 50 mwishoni mwake kinachozuia ishara isirudi kama mwangwi. Ndani ya kebo ya RG-58 ishara husafiri mita moja kwa nanosekunde 5, hivyo kwenye mita 3 mwangwi unakwenda na kurudi kwa nanosekunde 30, na ngazi inaonekana hapo hapo. Kama oskiloskopu yako haina pembejeo ya omu 50, tumia kiungo cha T na kifungio cha omu 50 mwishoni mwa kebo. Ila kifungio hicho usikipeleke kwenye pini ya NEO-6M: volti 3.3 juu ya omu 50 ni miliampea 66, na pini ile haikutengenezwa kubeba mzigo huo. Hapo tumia probu ya 10X (inayopunguza ishara mara 10), na waya mfupi wa graundi.