Kofia ya mtoto haina idadi ya vishono

"Dada, kofia ya mtoto mchanga naanza na vishono vingapi?" Swali hili nalipata WhatsApp, nalipata kanisani, na juzi nimelipata Makoroboi, hapa mjini Mwanza, nikiwa nimeshika donge la uzi, kutoka kwa mtu ambaye hata sindano hajanunua. Nikamuuliza: uzi gani, sindano unene gani, unafuma kwa kubana au kwa kulegeza? Akaona namficha. Akasema mwenzake alishamwambia ni 72, alitaka tu kuhakikisha.

Basi naandika hapa, ili nikiulizwa tena nitume linki nikalale.

Hiyo 72 haikuokotwa jalalani. Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa na kichwa chenye mzunguko wa kama sentimita 35. Kofia ya kuvutika huwa tunaifuma ndogo kuliko kichwa, tuseme sentimita 32, ili ishike isimshukie machoni. Mtu ambaye uzi wake na mkono wake vinampa vishono 22 ndani ya sentimita 10 atapiga hesabu: 2.2 mara 32 ni 70 na ushee, anapanda hadi 72 ili vigawanyike kwa nne, kwa ajili ya ribu ya mbili-mbili, yaani ukingo unaovutika wa vishono viwili vya kawaida na viwili vya kinyume. Safi kabisa. Sasa mpe 72 hiyohiyo dada anayebana uzi mpaka sindano zinalia, mwenye vishono 26 kwenye sentimita 10. Kofia yake haifiki hata sentimita 28, hiyo ni ya njiti. Mpe na mwenye mkono mlegevu, vishono 18 kwenye sentimita 10: anapata sentimita 40 kamili, na mtoto anazama hadi puani. Uzi umetoka duka moja, sindano ni za milimita 4 kwa wote, vishono wamehesabu sawasawa. Tofauti ya kofia kubwa na ndogo ni sentimita 12.

Kuniuliza vishono vingapi bila kuniambia mkono wako ni sawa na kuniuliza ugali wa leo uchukue vikombe vingapi vya unga, na hujasema mezani watakaa wangapi.

Jibu lake ni sampuli, yaani kipande cha majaribio unachofuma kwanza ili uhesabu vishono vyako, na hapo ndipo watu wanaponikimbia. "Sampuli inapoteza uzi." Inapoteza nini? Ukishapima unaifumua, uzi unarudi kwenye donge. Kinachopotea ni kofia nzima uliyofuma jioni mbili tatu, umeibeba hadi kwa mzazi, na mama mkwe anaitumbukiza ngumi ndani na kusema "atakua nayo".

Wengine wanafuma sampuli, lakini ya kujidanganya: vishono kumi, mistari minne, rula juu yake, tayari. Pembeni kitambaa hujikunja na vishono vya mwisho hulegea, kwa hiyo kipande kidogo hicho ni pembeni tupu. Fuma walau sentimita 15 kwa 15, kwa sindano na mtindo uleule wa kofia yenyewe, kisha upime sentimita 10 za katikati kwa futi ya fundi cherehani. Na usiivute! Nawaona mnavyoivuta mpaka ilingane na namba mliyoitaka. Hata nusu kishono kihesabu. Nusu kishono katika kila sentimita 10 hakionekani kwenye kofia ya mtoto, ila kwenye sweta ya baba yenye mzunguko wa mita moja na zaidi ni vishono vitano, na kwa uzi wa aina hii hizo ni zaidi ya sentimita mbili za kitambi.

Pima, halafu fua, anika, pima tena. Akriliki, ambayo ndiyo imejaa madukani kwetu, haibadiliki sana kwa maji, lakini ukiipiga pasi ya moto inalegea moja kwa moja na hairudi tena. Pamba inaongezeka uzito ikilowa, inanyooka, na haina ile tabia ya kujirudisha. Sufu halisi ukiisugua kwenye maji ya moto inasinyaa na kuwa blanketi la sungura. Ukishafua sampuli utajua uzi wako ni wa kabila gani. (Tuko Usukumani, ukanda unaolima pamba nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi, timu ya mpira ya jiji inaitwa Pamba, na mimi bado nazunguka mji kutafuta uzi wa pamba mnene wa kufumia. Hilo tutaliongea siku nyingine.)

Sindano nalo ni janga lake. Zile za chuma za kurithi kwa bibi, na nyingi za mitumba, zina namba za zamani za Kiingereza, ambazo zinakwenda kinyume: namba ikipanda, sindano inakuwa nyembamba. Namba 8 ya Uingereza ni milimita 4. Namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Namba 10 ya Uingereza ni milimita 3.25, ya Marekani ni milimita 6. Mtu anaangalia video ya Mmarekani YouTube, anachukua namba 10 ya bibi yake, anafuma ubao. Usiniambie namba, niambie milimita.

Shali, kitambaa cha kufutia vyombo, vitambaa vya makochi: humo sampuli ya nini? Fuma tu. Kochi halina kichwa. Kishikio cha sufuria kifume kwa pamba tupu, akriliki ikigusana na sufuria iliyotoka kwenye jiko la mkaa inayeyuka na kukuganda vidoleni.

Sasa niseme ambalo vitabu havisemi: sampuli nayo inadanganya. Unaifuma umekaa wima, umekodoa macho. Kofia unaifuma kwenye kivuko cha Kamanga huku unapiga soga, na mkono wa soga si mkono wa mtihani. Halafu wengi wetu safu ya kurudi, ile ya vishono vya kinyume, hulegea kuliko ya kwenda. Kwa hiyo sampuli iliyofumwa bapa kwa sindano mbili inaweza kukupa namba tofauti na kofia iliyofumwa kwa kuzungusha, isiyo na safu ya kurudi kabisa. Vitabu vinasema sampuli nayo uizungushe. Sawa, lakini nani ana hamu hiyo? Mimi nafuma sampuli bapa, naanza kofia, na ikifika sentimita tano nasimama napima kofia yenyewe. Ikikataa nafumua mapema.

Na kipimo cha mistari, yaani safu ngapi kwenye sentimita 10, kwenye kofia sikitumii hata kidogo, nafuma mpaka urefu unaniridhisha ndipo naanza kupunguza vishono vya kufunga utosi. Wenzangu wanaonifundishia wanafunzi wananinunia kwa hili. Kwenye sweta inayoanzia shingoni wako sahihi, maana huko kina cha kwapa kinatoka kwenye safu. Kwenye kofia bado hawajanishawishi.

Kwa zawadi ya arobaini sifumi kofia ya mtoto mchanga hata kama nimeombwa. Kufikia siku hiyo kichwa kimeshakaribia sentimita 38, na kwa miezi sita kinagonga 43 hivi. Nafuma ya miezi sita: sentimita 39 hivi, ambazo kwa mkono wa 22 ni kama vishono 84 au 88, nachagua 84 kwa sababu ribu inavutika. Rangi yoyote. Ni ya asubuhi, upepo wa ziwa ukipuliza, na mtoto akilala ndani avuliwe, maana Mwanza ni joto na kichwa ndicho kinachompunguzia. Siku za mwanzo ukingo ukivuka nyusi, mama yake ataukunja.